Kaye Mbili za Yonatani

Nyirabahire aliifunika kaye ya mume wake kwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, upande wa picha ndani, upande mweupe nje, na pembe zote nne akazigandisha kwa uji wa muhogo uliopoa. Lilikuwa daftari la shule tu, la kurasa tisini na sita, kama lile analobeba kila mgonjwa, maana bila kaye hospitalini hakuna pa kuandika ugonjwa wako. Ila hii, kwenye ukurasa wa kwanza, ilikuwa na muhuri mwekundu wa kliniki ya akili, mkubwa kama kifuniko cha soda. Wino wake ulikuwa umepenya mpaka ukurasa wa tatu. Miaka mitano Nyirabahire aliibeba kila mwezi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuja Mbarara kuchukua dawa, na hakuiangusha hata mara moja. Siku ya kwanza muuguzi alimwambia: mama, nyumba ikiungua, toa mzee, halafu toa kaye.

Basi Jumanne ile asubuhi aliiweka mezani kwa mikono miwili, mbele ya daktari wa zamu wa hospitali moja ya misheni pale mjini, akarudi nyuma hatua moja.

Daktari huyo aliitwa Wasswa. Alikuwa daktari wa upasuaji, kijana bado, na nje ya mlango wake watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Aliifungua kaye akauona muhuri, na kalamu aliyokuwa ameishika tayari akailaza juu ya meza.

"Shida nini, mzee?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kaye.

Yonatani alikuwa amevaa kofia yake ya kuchungia, ile pana, imemshukia mpaka kwenye nyusi. Tangu Jumapili walipotoka kanisani chakula kilikuwa hakikai tumboni. Alijishika chini ya tumbo, upande wa kushoto.

"Dokta, iko ng'ombe. Ananisukuma pembe hapa. Anasukuma, anapumzika, anasukuma tena."

"Ng'ombe."

"Ndiyo. Tena dume."

Muuguzi aliyekuwa kando ya dirisha alijikuna pua ili asicheke. Daktari akauliza kwa upole, kama mtu anavyomwuliza mtoto, "Huyo ng'ombe unamwona sasa hivi?"

Yonatani alilifikiria swali lile. Kwao milimani mtu akiumwa husema anaumwa kama nini, na mwenzake anaelewa. Lakini alikuwa mtu wa adabu, akajibu alichoulizwa. "Simwoni, dokta. Iko mu ndani."

Daktari akaanza kuandika.

"Dokta, ni tumbo," Nyirabahire akasema. "Haendi choo tangu Jumapili. Anatapika. Kituo cha kule kambini njo walitutuma."

"Mama, dawa zake za akili ndizo zinakausha choo. Mpeleke kwa Sista Ketty, kule nyuma, karibu na mahali pa kufulia." Alitia sahihi yake, ndefu, yenye mkia, akamrudishia kaye bila kuinua kichwa. "Anayefuata!"

Yonatani hakuguswa hata na kidole.

*

Kliniki ya akili ilikuwa chumba kilichokuwa zamani stoo ya unga. Kwenye kona za sakafu bado palikuwa na weupe ambao ufagio haukuutoa. Ketty alifanya kazi peke yake humo, mwaka wa tisa sasa. Alizaliwa kambi ya jeshi ya Makenke na akaolewa humo humo na koplo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha amri amri, ila sauti ilikuwa laini. Wenzake walimwita Ketty wa Wazimu. Walimwita hivyo hata kwenye sherehe ya Krismasi, mumewe akiwa amekaa pale na soda yake.

"Mzee Yonatani! Leo si tarehe yako. Nini imetokea?"

"Ng'ombe," alisema Yonatani kwa uchovu, na mara hii hakuendelea.

Ketty alimtazama usoni, akaona jasho juu ya mdomo. "Lala hapa. Toa shati. Inauma wapi? Shusha suruali kidogo."

"Mama Benitha atoke kwanza."

"Huyu bibi umeoa miaka thelathini sasa?"

"Atoke."

Nyirabahire hakutoka. Aligeuka tu, akatazama ukuta, akahesabu misumari. Nyuma yake alisikia mkanda ukifunguliwa, kisha Yonatani akiguna.

"Hii iko tangu lini, mzee?"

"Ya zamani. Ilikuwa inatoka, ninairudisha na mukono. Sasa imekataa."

"Na hukuambia mtu?"

"Fasi ya aibu ile, mutu anaambia nani?"

Ketty akamfunika. "Mama, geuka. Huyu leo si mgonjwa wangu. Utumbo imepita kwenye tundu, imenyongwa. Ikioza, anakufa. Anapasuliwa leo, si kesho. Mzee, kaa hapo kwa benchi, hapana kunywa hata maji."

Walimkuta Dokta Wasswa kwenye korido ya wodi, amezungukwa na wanafunzi wa udaktari kama saba hivi, makoti meupe, kila mmoja na kijitabu chake. Nyirabahire alisimama nyuma ya Ketty, kaye kifuani.

"Sista Ketty! Umeniletea yule ng'ombe?"

Wanafunzi wakacheka.

"Dokta, iko uvimbe mgumu hapa kwa kinena. Kuja shika tu. Dakika moja."

"Ketty, kila wiki unaniletea mtu wako. Mwezi jana yule wa nyoka tumboni."

"Na alikuwa na minyoo, dokta."

Hapo walicheka zaidi, na hata Dokta Wasswa alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama tangu usiku wa jana na hajala. "Sawa, sawa. Nitapita nikimaliza raundi." Ketty akabaki amesimama, kwa hiyo yeye akawageukia wanafunzi. "Mnaona? Ukikaa kule sana, na wewe unaanza. Nilikuwa na mwanafunzi, kichwa kizuri kabisa, akaniambia anakwenda kusomea magonjwa ya akili. Nikamwuliza, miaka mitano umekula vitabu ili ukawe mlinzi wa lango? Kule hakuna kipimo, hakuna kisu, hakuna mgonjwa anayepona akakushukuru. Hata mama mkwe wako utamwambia unafanya kazi gani?"

Kicheko kikapita tena. Kati ya wale saba alikuwemo msichana mwembamba mwenye kalamu nyweleni. Alicheka na wenzake, kisha jicho lake likakutana na jicho la Nyirabahire, na kinywa kikabaki wazi bila kicheko ndani.

Alikuwa Benitha, mtoto wake wa kwanza.

*

Walikutana nyuma ya jiko, penye masufuria yaliyolowekwa. Benitha alifika mbio, akatazama nyuma mara mbili.

"Mama, mbona hukunipigia?"

"Si ulisema tusikupigie kama uko na wenzako?"

Benitha aliichomoa kalamu nyweleni. Wenzake aliwaambia tangu mwaka wa kwanza kwamba baba yake alibaki Minembwe, kule Kongo, na ng'ombe zake. Ng'ombe wale waliuawa zamani, wote siku moja, na kuanzia siku ile Yonatani alianza kuamka alfajiri kuwaita kwa majina. Mwaka huu, wa mwisho, ulikuwa wa kuchagua kila mtu asomee nini mbele, na Dokta Wasswa alikuwa amemwahidi Benitha barua ya kumpeleka kwenye upasuaji. Kwa mtoto wa mkimbizi, barua kama ile haiji mara mbili.

"Nimecheka, mama. Umeniona."

"Nimekuona. Baba yako iko kwa benchi anatetemeka. Tuongee ile."

Alimweleza uvimbe, choo, matapishi, maneno ya Ketty. Benitha alisikiliza, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu anayesoma. Aliomba kaye, akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akasoma Kiingereza cha mwalimu wake.

"Ameandika nini?" Nyirabahire aliuliza.

"Ameandika baba anaona ng'ombe."

"Haoni ng'ombe! Anasema inauma kama pembe!"

"Ninajua, mama."

"Sasa uende umwambie."

Benitha alitazama muhuri mwekundu, akaifunga kaye. Alikwenda kwenye kibanda cha pale getini, akarudi na daftari jipya, ganda la bluu, bado linanukia duka. Juu yake aliandika: Yonatani Gasore, miaka 61.

"Ile ya zamani uiweke chini ya kitenge. Kofia avue. Nitamsukuma mimi mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, niseme nimemkuta mapokezi. Wakiuliza dawa anazokunywa, sema hakuna."

"Ni uongo."

"Ni uongo, mama. Lakini kwa ile kaye hawatamshika mpaka jioni."

Nyirabahire aliitia kaye ya kwanza chini ya kitenge, akakaza fundo. Alihisi kama anamficha mtu.

*

Dokta Wasswa alikuwa anamaliza raundi. Benitha alisimama wima mbele ya wenzake, akamwelezea mgonjwa wake mpya kwa maneno machache, yaliyopangwa vizuri. Nyirabahire hakujua Kiingereza, lakini alijua sauti ya mtoto wake anapojua jambo.

Daktari alichuchumaa karibu na kiti. Alimtazama Yonatani usoni, kichwa wazi, mvi zimelala kwa jasho, na hakumtambua hata kidogo.

"Pole, mzee wangu. Niambie, unasikia nini?"

Yonatani alimtazama mke wake, maana daktari huyu alikwisha kumwambia asubuhi. Kisha akasema tena, polepole. "Iko ng'ombe, dokta. Ananisukuma pembe hapa."

Nyirabahire alishika ukuta.

"Eh!" alisema Dokta Wasswa, kana kwamba ng'ombe huyu anamsikia mara ya kwanza, akawageukia wanafunzi. "Mnasikia mfugaji anavyoeleza maumivu? Andikeni hivyo hivyo. Yanakuja, yanatulia, yanarudi, kama pembe. Hakuna kitabu kitakachowaambia vizuri hivi." Akamshika tumbo, akashuka mpaka kwenye uvimbe, na uso wake ukaacha utani. "Chumba cha upasuaji. Sasa hivi. Hakuna kusubiri chochote." Aliandika yote mwenyewe kwenye kaye ya bluu, mistari kumi na zaidi, na chini sahihi ile ile, ndefu, yenye mkia. "Mama, kuna dawa zozote anazokunywa nyumbani?"

Nyirabahire alisikia kaye ya zamani ikimgusa mbavu.

"Hakuna."

"Vizuri." Alipokuwa anaondoka alimgusa Benitha begani. "Umeona sasa? Hii ndiyo kazi. Barua yako imekwisha kuandikwa, iko ofisini kwangu. Ichukue kabla ya saa kumi na moja, kesho alfajiri nasafiri."

*

Mlango wa chumba cha upasuaji una benchi moja, na miguu yake hailingani, ukikaa linainama. Nyirabahire alikaa upande ulioinama. Ketty alikuja kwa haraka, viatu mkononi, maana kimoja kilikuwa kimekatika kamba. Alikuwa akimtafuta mgonjwa wake kila wodi.

"Kumbe mmempata dokta! Ashukuriwe Mungu. Alikubali namna gani?"

Nyirabahire hakuwa na nguvu ya kudanganya mara ya pili siku moja. Akamwonyesha pembe ya kaye chini ya kitenge. Ketty aliitazama, akatazama mlango.

"Mama. Vidonge vyake uliwaambia?"

"Niliambiwa niseme hakuna."

"Nani aliambia wewe?"

Benitha alikuwa anakuja na karatasi za damu. Ketty alimkatisha njia. Aliwatazama wote wawili, mama na msichana, paji moja la uso, nyusi zile zile, akaelewa kabla ya kuambiwa.

"Ah. Kumbe."

"Sista, tafadhali..."

"Hapana kuniomba mimi. Wewe umesoma kuliko mimi. Mzee iko na sindano ya mwezi, iko na vidonge vya jioni, vile vikubwa. Aloysius wa kule ndani atampa dawa ya usingizi kama mtu mzima tu, na hajui. Pressure yake itaanguka wapi?"

Benitha alijua. Alikuwa amejua tangu getini, alipokuwa analipia daftari. Alikuwa amejiambia atasema baadaye, baba akishalala kitandani, baada ya barua.

"Sema wewe, sista. Wewe ndiye muuguzi wake."

"Nikiingia mimi watasema Ketty tena na watu wake. Utabishana mpaka lini? Kwenda wewe."

Nyirabahire alifungua fundo la kitenge, akatoa kaye ile, akampa mtoto wake kwa mikono miwili, kama alivyoiweka mezani asubuhi. 

Ndani, Aloysius, mtu wa kulaza wagonjwa usingizi, alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye sindano, anaigonga kwa ukucha kutoa hewa. Yonatani alikuwa amelala chini ya taa, mikono imenyooshwa. Dokta Wasswa ananawa. Wanafunzi watatu wako ukutani.

"Mzee Aloysius, ngoja," alisema Benitha. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ngoja! Anatumia dawa za akili. Miaka mitano sasa. Zimeandikwa humu zote, na vipimo vyake."

Aloysius alishusha sindano. Alichukua kaye, akafungua, midomo inacheza anaposoma. "Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu. Na mimi niliambiwa hakuna. Nani alisema hakuna?"

"Ni mimi niliyefundisha watu kusema."

Dokta Wasswa aligeuka, mikono juu, maji yanachuruzika kwenye viwiko. "Benitha, umemtoa wapi mgonjwa huyu?"

"Nakivale, daktari. Ni baba yangu."

Wale watatu ukutani walitazamana. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akimwuliza kila likizo, na ng'ombe za baba yako huko Minembwe wazima?

Dokta Wasswa alitazama kaye mkononi mwa Aloysius, na karatasi nyeupe ya kalenda iliyobanwa kwa uji. Ile karatasi aliikumbuka. Uso hakuukumbuka, ila karatasi aliikumbuka. 

"Aloysius, unaweza kumlaza kwa njia nyingine?"

"Naweza, nikijua. Nimchome mgongoni, abaki macho. Sasa nimejua."

"Basi fanya." Halafu, bila kumtazama, "Benitha, toka nje. Mtoto hasimami hapa."

*

Walikata kipande cha utumbo kama kiganja, cheusi. Uliobaki ulikuwa mzima. Saa tisa na nusu Yonatani alikuwa wodini, mdomo mkavu, akiuliza kofia yake iko wapi.

Wodini walimpa kitanda cha kwanza mlangoni. Baadaye alikuja muuguzi, habari zimekwisha kumfikia, akakisogeza mbali na dirisha, akauliza kama mzee huyu huwa anapiga watu. Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amemgawia Nyirabahire nusu ya ndizi, alisikia, akahamisha mtoto wake upande wa pili, taratibu, ili asionekane. Nyirabahire aliona. Alimaliza ndizi yake.

Dokta Wasswa alipita, akatazama bandeji, akashika mkono wa mgonjwa kupima mapigo, akaushika muda mrefu kuliko lazima.

"Benitha. Ungeniambia asubuhi."

"Ningekuonyesha kaye ipi, daktari?"

Dokta Wasswa akajipangusa uso. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Watu walikuwa wengi," alisema.

"Walikuwa wengi," Benitha alikubali.

"Ile barua bado ni yako. Wewe una mikono ya upasuaji. Usiipoteze mikono yako kwa sababu ya siku moja." Akaondoka.

Nyirabahire alitoa sindano na uzi mweusi kwenye pindo la kitenge, mahali anapovitunza siku zote. Aliziweka kaye mbili magotini, ile ya kalenda na ile ya bluu, mgongo kwa mgongo, akaanza kuzishona. Alitoboa, akavuta, akatoboa. Ganda la bluu lilikuwa gumu, akasukuma sindano kwa sarafu.

Ketty alikuja na vidonge vya jioni, akakaa pembeni ya kitanda, kiatu kimefungwa kwa bandeji.

"Sista," Benitha alisema kwa sauti ya chini, "kama mtu angetaka kuja kusomea kule kwako..."

"Kwa sababu ya huruma?"

"Sijui."

"Wenye huruma wamekuja wengi. Wanachoka mwezi wa pili, wanaomba uhamisho. Na mimi nimechoka, usione hivi. Chumba inanuka unga, mwaka wa tisa. Watakucheka, bwana atakuuliza kwa nini, mama mkwe atasema umelogwa." Alimwinua Yonatani kichwa, akamnywesha kidonge kwa kijiko cha maji, vile daktari alivyoruhusu. "Kuja kama uko na hasira. Hasira inakaa."

Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika arobaini na tano. Ofisi ya Dokta Wasswa ilikuwa upande wa pili wa uwanja, mwendo wa dakika mbili. Benitha aliitazama saa, akatazama mikono ya mama yake.

"Nenda, kama unaenda," Nyirabahire alisema, macho kwenye uzi. "Mimi niko hapa."

Benitha hakuinuka. Alichukua kofia ya baba yake, akaipangusa vumbi, akaitundika kwenye chuma cha kitanda. Saa kumi na moja mlio wa kufunga ofisi ulisikika, na watu wa mafaili wakapita uwanjani na mifuko yao.

Muuguzi wa zamu ya usiku aliingia, akaanzia kitanda cha mlangoni. Aliomba kaye, akapewa kitu kinene chenye uzi mweusi mgongoni. Akafungua mwanzo. Akauona muhuri mwekundu, mkono ukasita, akamtazama Yonatani aliyesinzia, kisha akatazama mlango, kama anayepima ni umbali gani.

"Huyu si wa kule nyuma?" aliuliza.

"Ni wa hapa," alisema Benitha. "Endelea kusoma, sista. Fika mpaka leo. Dokta ameandika mara mbili."

Muuguzi akalowesha kidole, akafunua kurasa moja moja, miezi sitini ya dawa, mpaka akafika kwenye mistari miwili ya asubuhi. Akaisoma. Akageuza kaye upande wa bluu, akasoma ile kumi na zaidi. Akarudi nyuma, akatazama sahihi. Akaenda mbele, akatazama sahihi.

Alivuta kiti akakaa, akamfunua mzee shuka polepole, akanyoosha mkono kumshika tumbo.